Siagi ya karanga ya njugu tupu: kwa nini mafuta yanajitenga, na mnachanganyaje nyumbani?

#1 KibuyuUmoja
Hamjambo wanajukwaa. Nyumbani tumeacha ile siagi ya karanga laini ya supamaketi, sasa tunanunua ya njugu tupu, iliyosagwa bila sukari wala mafuta ya kuongeza. Ladha yake imetuteka sote. Shida ni kwamba ikikaa kabatini mafuta yanapanda juu, na chini inagandamana hadi kijiko kinapinda. Chupa ikianza, mkate unalowa mafuta. Ikikaribia kwisha, ni makapi makavu yanayokwama kooni. Jirani yangu wa ghorofa ya chini anasagiwa na mwenye mashine yuleyule wa Mutindwa, na yake inatulia vizuri. Tofauti inatoka wapi? Na nyinyi mnachanganyaje?

#2 BabaMapacha
Ukifika nayo nyumbani kaza kifuniko, isimamishe chupa kichwa chini usiku kucha. Mafuta yakitaka kupanda lazima yapite katikati ya njugu. Asubuhi unakoroga kidogo tu. Sisi huku Kahawa West hatuna kesi na mtu.

#3 Chemia254
Kugeuza chupa kunasaidia, ila hakuzuii. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Unaposaga unavunja vijumba vilivyoyafungia, na unabaki na chembe za protini na wanga zikiwa ndani ya mafuta. Chembe ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo zinazama polepole. Kiwandani huongeza mafuta yaliyogandishwa kwa hidrojeni, kwa kawaida asilimia 1 au 2 tu. Yale hutengeneza fuwele ndogo zinazoshikilia kila kitu mahali pake. Yako haina hayo, basi itajitenga tu.

Kuhusu jirani, mimi naona ni usagaji. Upana wa chembe ukipungua nusu, mwendo wake wa kuzama unashuka hadi robo. Huenda anaomba ipitishwe kwenye mashine mara mbili. Muulize.

#4 NyarNdhiwa
Chemia umesema vizuri lakini umeruka shamba. Njugu si aina moja. Kwetu Homa Bay tunalima sana ile nyekundu ndogo, Red Valencia, ganda moja punje tatu au nne. Ukienda Nyamakima utaikuta gunia kwa gunia na zile kubwa kutoka Malawi. Kiasi cha mafuta kinatofautiana kati ya mbegu na mbegu, na njugu iliyong'olewa kabla ya kukomaa huwa na mafuta machache, halafu inanyauka. Mwenye mashine leo anafungua gunia hili, kesho lile. Jirani alipata gunia lingine, basi.

#5 ShoshWaGithurai
Wajukuu wangu, kabla ya mashine kuna moto. Njugu iliyoiva mpaka ndani inaachilia mafuta upesi. Iliyokaangwa juujuu inasagika nzito na inayashika mafuta yake. Mimi natumia sufuria nene na jiko la makaa ambalo moto umeshapungua, nageuza bila kuacha. Zikianza kupasuka-pasuka na ganda jekundu likatoka ukilisugua kwa vidole, naepua kabla rangi haijakolea, maana njugu huendelea kuiva hata ikiwa kwenye ungo. Wenye haraka huzitoa zikiwa za kahawia tayari, zinakuwa chungu.

#6 FundiBlenda
Shikamoo Shosh. Naomba wanaosaga nyumbani wanisikilize kwa ajili ya mashine zao. Blenda nyingi zinazofika kwenye meza yangu zikinuka moshi zimeunguzwa na njugu. Njugu inapita hatua. Kwanza ni unga. Halafu inashikana kuwa donge linalojibandika pembeni, na visu vinazunguka hewani. Hapo ndipo mtu anafikiri imekataa, anaongeza maji au anaiacha izunguke mfululizo hadi mota inakufa. Usifanye hivyo. Zima, sukuma chini kwa mwiko, acha mota ipoe, washa tena kwa vipindi vifupi. Saga njugu zikiwa bado na uvuguvugu. Usijaze jagi kupita nusu. Donge litalegea lenyewe, ghafla utaona inang'aa na kumiminika.

#7 mwanaPipeline
Mbona maji yasiwekwe? Mimi naweka maji kidogo na asali, inatoka krimu safi kabisa.

#8 Chemia254
@mwanaPipeline Maji kidogo yanaikaza, kwa sababu protini na wanga huyafyonza na kushikana. Ukizidi kuongeza inalegea tena na kuwa krimu, hapo ni kweli unavyosema. Lakini hiyo ni ya kula siku hiyohiyo. Siagi ya karanga inakaa nje ya friji kwa sababu haina maji ya kutosha vijidudu kuzaana. Ukitia maji umeondoa kinga hiyo.

Kutozaana si kufa, kumbukeni. Mwaka 2008 hadi 2009 kule Marekani salmonela ilienea kupitia karanga na siagi ya karanga ya kampuni moja, zaidi ya watu 700 wakaugua na 9 wakafariki. Mwenye kampuni alifungwa miaka 28 mwaka 2015. Kijiko kikavu, chupa kavu, mikono safi.

#9 MuuguziLangata
Naongezea juu ya asali. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali hata tone, hata ikiwa imechanganywa ndani ya siagi ya karanga. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Karanga zenyewe ni hadithi tofauti. Zamani wazazi waliambiwa wamcheleweshe mtoto. Utafiti wa LEAP uliofanywa London na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto wenye hatari kubwa ya mzio walioanza kula karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa. Akiwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, zungumza kwanza na daktari. Na isiwe kijiko kizima cha siagi nzito, inamkaba. Koroga kidogo ndani ya uji hadi iyeyuke. Punje nzima asipewe mtoto mdogo kabisa.

#10 KibuyuUmoja
Asante Muuguzi, wangu wa mwisho ana miezi 8 na nilikuwa nataka kuuliza hilo. Wengine tuendelee, kwa nini ya jirani haijitengi?

#11 PwaniTele
Mie mzaliwa wa Kisauni, naishi South C. Dawa yangu ni mafuta ya nazi. Kijiko kimoja cha mezani kwa chupa ya nusu kilo, nachanganya siagi ikiwa vuguvugu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban digrii 24, na hapa Nairobi asubuhi nyingi ni chini ya hapo. Yanaishikilia. Nikienda nayo nyumbani Mombasa siku ya kwanza tu inalainika na mafuta yanapanda, mama ananiuliza nimemletea mchuzi gani. Huenda huyo jirani anatia nazi, dada.

#12 NyarNdhiwa
Ukitia nazi si njugu tupu tena bwana. Kibuyu ameuliza ya njugu tupu.

#13 PwaniTele
Nazi ni chakula, si kiongezi. Wabara mna masharti.

#14 MkimbiajiKarura
Mimi naona mnasahau hali ya hewa. Naila kila asubuhi kabla ya mazoezi. Julai, baridi ikikaza, chupa yangu inakaa imechanganyika bila kuguswa na kuikwangua ni kazi. Januari na Februari, jua likiwaka, mafuta yanajitenga upesi sana. Chupa ileile, muuzaji yuleyule. Ghorofa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, hasa ukiwa chini ya paa la mabati. Kibuyu, wewe uko ghorofa ya ngapi?

#15 KibuyuUmoja
Ya mwisho juu. Mchana jikoni ni tanuri.

#16 BabaMapacha
Kesi imekwisha. Ni joto. Weka kwenye friji.

#17 FundiBlenda
Na asiye na friji? Au token ya umeme ikiisha? Wacha kufunga kesi haraka, BabaMapacha, hata mapacha wako bado wanabishana.

#18 mwanaPipeline
Hata mimi nilihamia ya njugu tupu kwa sababu ile ya kiwandani ni sumu. Mafuta ya trans yanaziba mishipa ya moyo. Hakuna haja ya kuichunguza.

#19 Chemia254
Hapana, hilo turekebishe. Mafuta ya trans hutokea mafuta yakigandishwa nusunusu. Yanayotumiwa kushikilia siagi ya karanga siku hizi kwa kawaida hugandishwa kikamilifu, na hayo yana trans kidogo mno. Kuanzia 2015 Marekani iliamua kuyaondoa yale ya nusunusu kwenye vyakula. Kuna chapa zinazotumia mawese badala yake. Soma kibandiko nyuma ya chupa: njugu asilimia ngapi, sukari ipo, mafuta gani. Sheria ya Marekani inataka isiitwe siagi ya karanga isipofika asilimia 90 ya karanga. Mtu anaweza kuchagua njugu tupu kwa ajili ya ladha na sukari bila kusema nyingine ni sumu.

#20 MuuguziLangata
Naunga mkono. Ile pakiti tunayowapa watoto wenye utapiamlo mkali, gramu 92 na kalori 500, imetengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, na nayo huwekwa kiungo cha kuzuia mafuta yasijitenge. Inaokoa maisha. Mtoto anaifyonza moja kwa moja, haichanganywi na maji.

#21 DukaKangemi
Mimi nauza njugu mbichi na za kukaanga, na ninasaga. Sumu ya kuogopa mnaipita. Ni ya kuvu, aflatoksini. Mwaka 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, walisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga hapa kwetu kwa sababu hiyo. Kipimo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Ukisagiwa mahali popote, uliza njugu zinachambuliwa na nani, wapi. Mimi natandaza kwenye meza nyeupe, mchana, na kila iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu au yenye ukungu naitupa. Hailishwi kuku. Wako wenzangu wanaozisaga zilizokataliwa kwa sababu kwenye siagi hazionekani tena. Hilo linaniumiza kuliko mafuta kuelea.

#22 mwanaPipeline
Lakini si zinakaangwa? Moto unaua.

#23 DukaKangemi
Moto unaua kuvu. Sumu iliyokwisha kutolewa na kuvu inabaki. Kukaanga kunapunguza sehemu yake tu.

#24 NyarNdhiwa
Hapo DukaKangemi umegusa jambo lenyewe. Njugu ikitoka ardhini imejaa maji. Ikirundikwa mbichi au ikaanikwa kwenye udongo mtupu na mvua ikaja jioni, kuvu imeingia kabla gunia halijafika Nairobi. Kwetu tunaigeuza mizizi juu, tunaianika kwenye turubai, na hatufungi gunia mpaka ukitikisa ganda punje zilie ndani. Wapo wanaonyunyizia maji wakati wa kubangua ili ganda lilainike na punje zisikatike. Hao wanawauzia watu maradhi ya ini. Msisahau 2004 Ukambani, mahindi yenye sumu hiyohiyo: watu 317 waliugua na 125 wakafa.

#25 ShoshWaGithurai
Tuliwazika watu wazima na watoto mwaka ule. Chambueni njugu, wajukuu. Weka miwani kama macho hayaoni vizuri.

#26 KibuyuUmoja
Nimesoma na nimenyamaza kidogo. Kuanzia sasa nitanunua punje, nichambue mwenyewe, nikaange, nipeleke mashine. Sasa nipeni namna ya kuchanganya ikisharudi.

#27 MpishiSouthB
Nimepika hotelini miaka mingi, nikwambie tunavyofanya. Usichanganye ndani ya chupa iliyojaa, utamwaga mafuta na hutafika chini. Mimina yote kwenye bakuli pana, mafuta na makapi, kwangua mpaka tako la chupa. Kama imekaza, chupa iwekwe kwanza kwenye maji ya moto ya kuoga, si ya kuchemka, kifuniko kikiwa juu ya maji, mpaka ilegee. Ponda madonge kwa uma pembeni mwa bakuli. Halafu tumia mashine ya kupigia mayai, ufito mmoja tu, mwendo wa chini. Fito zote mbili zinarusha. Ikiwa huna, mwiko wa mbao na mkono wenye subira, unaanzia chini kwenda juu, si kuzunguka. Chumvi tia wakati huo, iliyosagwa laini. Rudisha kwenye chupa kavu, ipige chupa mezani hewa itoke, ipeleke mahali pa baridi upesi kabla haijaanza kutulia. Usimwage mafuta ya juu! Naona watu wanayamwaga wakidhani wanapunguza unene. Kinachobaki hakipakiki kwenye mkate.

#28 MkimbiajiKarura
@MpishiSouthB hilo la kumwaga mafuta nililisikia kwa wakimbiaji wenzangu. Vijiko viwili vya mezani ni kama gramu 32, kalori karibu 190. Asiyetaka kalori apunguze kijiko, asiharibu chupa.

#29 PwaniTele
Wewe hupunguzi kijiko, unakula ndani ya chupa. Watu wa Karura tunawajua.

#30 MkimbiajiKarura
Kijiko kikavu lakini.

#31 BabaMapacha
Tumshukuru George Washington Carver aliyegundua kitu hiki.

#32 Chemia254
Carver hakuigundua. Jarida lake la 1916 lilikuwa na njia 105 za kuandaa karanga, na alistahili heshima kwa kuwafundisha wakulima weusi wa kusini mwa Marekani kupanda karanga kwenye ardhi iliyochoshwa na pamba. Lakini Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipata hataza ya kusaga karanga zilizokaangwa mwaka 1884, na daktari Mmarekani John Harvey Kellogg alifuata miaka ya 1890. Na hao wote walikuta watu wa Amerika Kusini, ambako mmea huu ulitoka, wameshazisaga zamani sana.

#33 NyarNdhiwa
Na karanga inarutubisha udongo kwa sababu ni jamii ya kunde. Ua linachanua juu, halafu linashusha kikonyo chini ya ardhi, punje inakua gizani. Mwalimu wetu wa kilimo alitutoa darasani tukaenda kuchimbua tuone.

#34 KibuyuUmoja
Nimemuuliza jirani. Ananunua njugu zake nyekundu sokoni, anazikaanga mwenyewe moto mdogo, haondoi maganda yote mekundu, anampelekea mwenye mashine anamsagia mara mbili. Haongezi nazi. Chupa inakaa sakafuni nyuma ya mlango. Na nyumba yake ina watu saba, haimalizi wiki.

#35 ShoshWaGithurai
Nilisema. Moto mdogo.

#36 NyarNdhiwa
Nyekundu. Nilisema mbegu.

#37 Chemia254
Mara mbili kwenye mashine.

#38 BabaMapacha
Sakafuni, penye baridi. Kesi yangu iko palepale.

#39 FundiBlenda
Maganda pia. Yale maganda ni nyuzinyuzi, yanafyonza mafuta kiasi. Mteja wangu mmoja anasaga na maganda yote, siagi inatoka nyeusi-nyeusi na chungu kidogo, lakini mafuta hayaonekani juu.

#40 Chemia254
@FundiBlenda maganda hayafikii hata asilimia 5 ya uzito wa punje. Sidhani yanatosha kushika mafuta yote hayo.

#41 FundiBlenda
Njoo uone chupa.

#42 MkimbiajiKarura
Watu saba wanaikoroga kila asubuhi kwa visu vyao na wanaimaliza. Haipati nafasi ya kujitenga. Hamjaona hilo?

#43 MpishiSouthB
Kibuyu ana nafasi nzuri ya kupima. Achukue njugu za jirani, azigawe mafungu mawili, fungu moja lipite mashineni mara moja, jingine mara mbili, chupa zote mbili zikae pamoja sakafuni kwa jirani. Bila hivyo tutabishana hadi njugu za msimu ujao.

#44 KibuyuUmoja
Nitajaribu mwisho wa mwezi. Je, nikitia simsim kidogo nitaharibu jaribio?

#45 NyarNdhiwa
Utaharibu jaribio lakini utakula vizuri. Kaskazini mwa Uganda wanasaga njugu na simsim pamoja, inaitwa odii. Simsim nayo ina mafuta mengi, isikaangwe pamoja na njugu, itaungua kabla njugu hazijaiva.

#46 mwanaPipeline
Huku kwetu ni wapi wanakubali mtu aje na njugu zake? Niliyemjaribu alitaka ninunue zake.

#47 DukaKangemi
Uliza wenye mashine ndogo za sokoni, wengi wanakubali ukienda asubuhi kabla foleni haijaanza. Usipeleke kwenye mashine ya mahindi, njugu zinaziba na unga unabaki ndani. Kabla hajaweka zako, mwambie afungue kichwa cha mashine, uone kama kuna siagi ya jana imeganda. Kisha tia kiganja cha njugu zako zipite kwanza, na hicho kinachotoka usikichukue. Nenda na chupa yako, imekauka kabisa.